Muuguzi na Kitabu Baada ya Zamu

Iwapo nyumbani mwako yumo muuguzi wa daraja la cheti anayesomea stashahada kwa njia ya masafa, bila shaka umekwisha kuiona taa yake ikiwaka saa tano za usiku. Amerudi kazini, amepika, amewalaza watoto, ndipo anapofungua kitabu. Baada ya kurasa mbili kichwa chaanguka mezani. Asubuhi husema: "Mimi si mtu wa shule tena." Usemi huo ndio ulionifanya nishike kalamu leo.

Niliusikia kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, mkunga aliyepokea watoto wengi kuliko awezavyo kuwahesabu. Alikuwa ameshindwa zoezi la hesabu za dawa. Alama zenyewe hazikumwumiza sana; alichohofia ni kwamba vijana waliotoka chuoni na stashahada zao wangesikia. Akaviweka vitabu juu ya kabati kwa miezi miwili.

Hebu tuitazame hesabu iliyomtisha. Mgonjwa ameandikiwa maji ya dripu mililita 1,000 yaingie kwa saa 8, na mpira uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Zidisha 1,000 kwa 20, unapata matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, nawe utapata kiasi cha matone 42 kwa dakika. Basi mama huyu amesimama kando ya vitanda miaka mingi, saa mkononi, akiyahesabu matone hayo hayo! Jambo alijualo kwa macho lilimjia karatasini limevaa nguo nyingine, naye akalikana.

Hapo ndipo penye siri ya kujiamini kwa mwanafunzi wa namna hii. Yeye si mgeni wa kazi. Kila ukurasa na aufunge kwa mgonjwa aliyepata kumwona. Akisoma kwamba shinikizo la damu la 140 juu ya 90 baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, pamoja na protini katika mkojo, ni dalili ya kuelekea kifafa cha mimba, amkumbuke yule mama aliyelalamikia kichwa na macho kuona ukungu. Somo lililopata sura ya mtu halisahauliki upesi.

Adui wa pili ni upweke. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walijifunza afya kwa redio na vijitabu. Redio peke yake haikuchimba hata choo kimoja. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakashika majembe. Muuguzi naye atafute wenzake wawili au watatu hapo hospitalini, wakutane hata kwa nusu saa zamu zinapopishana. Aliyeshindwa hesabu atagundua kwamba hakushindwa peke yake.

Wala asidhani kwamba elimu ya masafa ni ya watu waliokosa nafasi penginepo. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2005, kwa ushirikiano wa Baraza la Wauguzi na shirika la AMREF, kuwaendeleza wauguzi wa cheti kwa kompyuta wakiwa kazini kwao. Shabaha ilikuwa wauguzi wapatao 20,000. Kuwaita wote bwenini kungaliziacha wodi tupu.

Hata hivyo karatasi ina mpaka wake. Hakuna aliyejifunza kuingiza mpira wa mkojo kwa kusoma tu. Yapasa kushika, mbele ya msimamizi. Na hapo wengi wenye umri huona haya kuuliza, wakijifanya wanajua. Katika kazi hii haya ya namna hiyo ni ya hatari.

Juu ya saa za kusoma sina mengi. Atokaye zamu ya usiku alale kwanza. Kulazimisha macho ni kujidanganya. Nusu saa kila siku yatosha kuliko Jumamosi nzima ya kusinzia.

Nawe baba mwenye nyumba, nina neno nawe. Usiseme "soma, mama, soma," kisha ukauliza chakula kiko wapi. Yule jirani yangu hakuvishusha vitabu kwa kuhimizwa. Mumewe alichukua zamu ya jiko kila Jumanne na Alhamisi, na kijana wao wa darasa la saba akawa ndiye amsomeaye mama maswali ya hesabu. Zoezi la marudio alishinda. Ugali wa Alhamisi, watoto wanasema, bado una mabonge.