Bayeux Haitaki Haraka
Anayekwenda Normandy, Ufaransa, kwa mapumziko, ningemsihi apange nyumba ndogo ya mawe nje ya mji wa Bayeux na akae wiki nzima, asipitishwe mbio na basi la watalii. Mji huu unajulikana kwa kitambaa kilichotariziwa karne ya 11, chenye urefu wa karibu mita 70, kinachosimulia jinsi William, mtawala wa Normandy, alivyovuka bahari mwaka 1066 na kuiteka Uingereza. Miaka 878 baadaye, tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya Uingereza na washirika wake yalivuka bahari ile ile kutoka ng'ambo ya pili kupigana na Wajerumani walioikalia Ufaransa. Kesho yake Bayeux ikakombolewa, nyumba zake za kale zikisalimika. Mnara wa kumbukumbu mjini humo una maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba waliotekwa na William wamerudi kuikomboa nchi yake. Mkabala wake ndipo pa kukaa sana: makaburi ya askari zaidi ya 4,000 wa Uingereza na Jumuiya ya Madola, na Wajerumani waliopigana nao wamezikwa humo humo. Soma umri uliochongwa kwenye mawe. Wengi walikuwa vijana wadogo mno. Arromanches, kwenye pwani ya karibu, penye mabaki ya bandari ya zege ya majeshi yale baharini, nenda siku nyingine.