Kompyuta inamwambia rubani asitue. Je, atasikia?

Wengi wetu tukipanda ndege tunaogopa inapopaa ama inapoyumba angani. Magurudumu yakishagusa lami, simu zinatoka mfukoni na kuna wale huanza kufungua mikanda hata kabla ndege haijatulia. Kumbe hapo ndipo shida nyingine huanzia: ndege inaweza kumaliza barabara yote ikiwa bado mbio. Chicago, Desemba 2005, Boeing iliyotua kwenye theluji ilivunja ua wa uwanja na kuingia mtaani. Mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya gari la familia yake aliuawa.

Teknolojia ya kuzuia mambo kama haya ipo. Airbus ilipata kibali cha kutumia mfumo wake kwa A380 mwaka wa 2009, kisha ukaingia kwa ndege zake nyingine. Jinsi unavyofanya kazi si uchawi. Kompyuta inajua urefu wa kila barabara ya ndege, inajua ndege iko wapi, mwendo wake, uzani wake na upepo unatoka wapi. Ndege ikikaribia ardhi, inapiga hesabu mfululizo: tukigusa chini sasa, tutasimama wapi? Jibu likiwa ni nje ya lami, sauti inamwambia rubani kwamba barabara ni fupi mno, maana yake apae tena na kuzunguka. Akishatua na nafasi ikawa finyu, inamwamrisha akanyage breki zote, na kama breki za kujiendesha zimewashwa, mfumo unazikaza wenyewe. Honeywell nao wana programu yao inayoonya ndege ikija juu sana, ikija kwa kasi ama ikichelewa kugusa lami.

Safi kabisa. Lakini mimi nauliza swali moja: nani kasema rubani atatii?

Angalia India. Mei 22, 2010, Boeing 737 ya Air India Express kutoka Dubai ilikuwa ikitua Mangalore, uwanja ulio juu ya kilima na korongo pembeni. Rubani mkuu alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari. Ndege ilikuja juu mno. Mitambo ikapiga kelele mara kadhaa, na rubani msaidizi naye akamwambia mkubwa wake wapae tena. Aliendelea. Barabara ni ya futi 8,000 hivi. Magurudumu yaligusa chini karibu futi 5,200 zikiwa zimeshapita. Watu 158 kati ya 166 waliangamia.

Miaka 10 baadaye, Agosti 7, 2020, kampuni ile ile, aina ile ile ya ndege, kutoka Dubai tena, safari hii Kozhikode. Uwanja wa kilimani vilevile. Mvua ilikuwa ikinyesha, upepo unasukuma ndege kutoka nyuma, waipa ya upande wa rubani mkuu ina hitilafu. Msaidizi akasema wapae tena. Hawakupaa. Walikufa watu 21, marubani wote wawili wakiwemo. Wachunguzi waligundua kwamba mkubwa huyo alikuwa na safari nyingine ya kuendesha asubuhi iliyofuata, na hilo lilimsukuma atue hapo hapo.

Ukiwa umewahi kufanya kazi chini ya mdosi asiyependa kukosolewa, unaelewa huyo msaidizi alikuwa pabaya kiasi gani. Na si India pekee. Utafiti wa Flight Safety Foundation ulipata kwamba katika kila safari 100 ambazo ndege inakuja kutua vibaya, ni kama 3 tu ambapo marubani hupaa tena. Hizo nyingine wanajaribu bahati, na kwa kuwa mara nyingi inashika, mazoea yanakita mizizi.

Ndiyo maana naona faida kubwa ya mfumo huu si hesabu zake. Ni kwamba kompyuta haiogopi cheo. Haina mshahara wa kupoteza, na ikishasema, onyo ni la wote wawili. Msaidizi habaki peke yake akibishana na mkubwa. Ila itasaidia tu pale kampuni imewahakikishia marubani kwamba hakuna atakayehojiwa kuhusu mafuta na kuchelewa kwa sababu alipaa tena. Tena, hesabu yenyewe hutegemea hali ya lami. Kukiwa na madimbwi ambayo kompyuta haijaambiwa, breki hazitashika vile ilivyotarajia.

Ulaya wameamua kutosubiri hiari. Ndege kubwa za abiria zinazopata cheti chao cha kwanza kuanzia Januari 1, 2025 lazima ziwe na mfumo wa aina hii. Soma hiyo sentensi tena: cheti cha kwanza. Iliyoundwa 2005 haiguswi. Na sisi huku Kenya, ambako ndege nyingi tunazopanda zilitoka kiwandani kitambo kabla ya tarehe hiyo, bado tunategemea watu wawili pale mbele, na kama yule mdogo anaweza kusema "hapana" na akasikizwa.