Hadubini ya Mianga Miwili na Jicho la Mtaalamu

Kwa zaidi ya miaka 100, saratani imetambuliwa hasa kwa njia moja: tishu hukatwa vipande vyembamba vya mikromita chache, hutiwa rangi za hematoksilini na eosini, kisha mtaalamu huvitazama kwa hadubini. Rangi hizo hudhihirisha maumbo ya seli, lakini kemia iliyomo ndani hubaki imefichika kwa sehemu kubwa.

Mionzi ya infraredi, iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1800, yaweza kuifichua. Kila aina ya molekuli hufyonza mawimbi yake. Protini hufyonza sana yale yenye urefu wa karibu mikromita 6. Hata hivyo, mawimbi marefu hutoa picha isiyo bayana. Mwanga uonekanao, wenye mawimbi ya karibu nusu mikromita, hutenganisha vitu vidogo zaidi.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitangaza hadubini inayounganisha mianga hiyo miwili. Leza ya infraredi humulika tishu. Sehemu iliyofyonza mionzi hupata joto na kutanuka kidogo mno. Leza ya mwanga uonekanao hupima mtanuko huo. Kutokana na vipimo hivyo, kompyuta huchora picha ifananayo na ya tishu iliyotiwa rangi, ingawa hakuna rangi iliyotumika.

Wapo watakaodhani kwamba mtaalamu sasa hana kazi. Dhana hiyo haifai. Picha hiyo ni zao la hesabu, na kompyuta hujua yale tu iliyofundishwa. Ikifundishwa kwa tishu za nchi moja, yaweza kukosea inapoletewa za kwingine. Kosa la namna hiyo si alama zilizopotea katika mtihani. Ni kiungo kilichokatwa bure, au saratani iliyoachwa ikaenea.

Katika Afrika Mashariki, ambako wataalamu wa patholojia ni wachache, chombo cha aina hii kingekuwa msaada mkubwa. Kwa sababu hiyohiyo hapana budi kijaribiwe kwanza kwa tishu za wagonjwa wa huku, na majibu yake yalinganishwe na uamuzi wa wataalamu wenyewe. Kazi hiyo yahitaji vijana wanaoelewa mawimbi, molekuli na seli kwa pamoja. Basi yafaa walimu wa fizikia, kemia na biolojia waache kufundisha kana kwamba masomo yao hayapakani.