Vyuo vya Marekani vyamwaga fedha, viza yawabana Waafrika

APRILI 5, 2025, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Duke ilikuwa San Antonio, Texas, kwa mchezo wa nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Siku hiyo hiyo Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo, Marco Rubio, alitangaza kufutwa kwa viza zote za watu wenye pasi za kusafiria za Sudan Kusini.

Mlinzi wa goli la Duke alikuwa Khaman Maluach, kijana wa miaka 18, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, Uganda. Hakuwa na kosa lolote. Washington na Juba zilikuwa zikivutana kuhusu mtu mmoja aliyerudishwa kutoka Marekani, ambaye Sudan Kusini ilisisitiza kuwa ni raia wa Kongo. Siku chache baadaye Juba ilikubali kumpokea.

Maluach alinusurika, na Juni mwaka huo alichaguliwa wa 10 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA. Hata hivyo, mkasa huo ulionyesha jambo ambalo wasaka vipaji hawapendi kulizungumza: mchezaji kutoka Afrika anaweza kuwa na kimo, kipaji na nafasi chuoni, lakini nafasi hiyo imeshikiliwa na karatasi ambayo si yeye wala chuo chake mwenye mamlaka nayo.

Biashara ya kusaka wachezaji barani Afrika si mpya. Hakeem Olajuwon alitoka Lagos na kutua Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980. Dikembe Mutombo aliondoka Kinshasa kwenda Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akikusudia kusomea udaktari, uwanja ukamwita. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipitia sekondari binafsi ya Houston kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, akichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies.

Sekondari hizo binafsi hazikuchaguliwa kwa bahati. Sheria ya Marekani humruhusu mwanafunzi wa kigeni kusoma sekondari ya serikali kwa muda usiozidi miezi 12, hivyo kijana anayehitaji miaka miwili au mitatu ya kujifunza lugha na mchezo hupelekwa shule za kulipia, na daima yupo mtu anayelipa. Ni nani, na kwa matarajio gani, ni maswali ambayo wazazi wengi huyauliza wakiwa wamechelewa.

Enzi hizo malipo yalikuwa sawa kwa wote: ada, chakula, malazi na vitabu. Mwana wa Chicago na mwana wa Kinshasa walikula sahani moja. Usawa huo ulivunjika Julai 1, 2021, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliporuhusu wanamichezo kujipatia fedha kwa kutumia majina na sura zao.

Wenyeji walianza kusaini mikataba ya matangazo mara moja. Wageni walibaki watazamaji, kwa kuwa viza ya mwanafunzi hairuhusu ajira nje ya chuo bila kibali maalumu, na ndani ya chuo haizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Anayekiuka anaweza kupoteza haki ya kuendelea kuishi nchini humo.

Aliyeumia hadharani ni Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2022, akiichezea Kentucky na kudaka wastani wa mipira 15 inayorudi kila mchezo, alitajwa mchezaji bora wa vyuo nchini kote. Tangazo ambalo mchezaji wa akiba aliweza kulifanya dukani mjini Lexington, yeye hakuweza. Timu ilipofanya ziara Bahamas Agosti mwaka huo, ndipo alipopiga picha na kurekodi matangazo yake, kwa sababu tu alikuwa nje ya ardhi ya Marekani. Bingwa wa nchi nzima alilazimika kuvuka bahari ili kulipwa!

Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Fedha hizo zimewavuta hata vijana waliolelewa na klabu kubwa za Ulaya. Kabla ya hapo, mwaka 2024, Egor Demin alikwishatoka Real Madrid kwenda Brigham Young, na Kasparas Jakučionis akatoka Barcelona kwenda Illinois. Nao ni wageni wenye kikwazo kile kile cha viza, na vyuo vimekuwa vikijaribu kuyaita malipo hayo ada ya kutumia jina badala ya mshahara, tafsiri ambayo wanasheria hawajakubaliana nayo.

Tofauti ni kwamba kijana wa Madrid, mambo yakiharibika, anayo ligi ya kulipwa ya kurudia. Wa Lubumbashi au Bujumbura aliyetoka shuleni moja kwa moja hana mlango wa pili, na kocha wa mtaani aliyemfundisha bila mkataba wowote wa maandishi hana cha kudai.

Mlango wenyewe nao umezidi kuwa mwembamba. Juni 2025 Rais Donald Trump alisaini tangazo lililositisha utoaji wa viza za masomo kwa raia wa Burundi. Desemba 16 mwaka huo akasaini jingine, lililoanza kutumika Januari 1, 2026, likiongeza Tanzania, Nigeria na Senegal katika orodha ya nchi zenye zuio la aina hiyo, huku Sudan Kusini ikifungiwa kabisa. Viza zilizokwisha kutolewa hazikufutwa. Zuio hilo liliwaangukia waliokuwa bado wakisubiri usaili ubalozini, barua za vyuo zikiwa mkononi.