Njia ya Miguu Kandokando ya Makorongo ya Dodoma

Wako wanaodhani kwamba mji usio na mto wa kudumu hauna haja ya njia ya matembezi kando ya mto. Dhana hiyo haiifai Dodoma. Mji huu hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine makorongo huonekana kuwa mchanga mtupu. Hata hivyo, mchanga huo huhifadhi maji katikati ya chembe zake, na kadiri yanavyokaa chini ndivyo jua linavyoshindwa kuyafikia. Wagogo wameyajua hayo tangu kale: kiangazi huchimba visima mchangani, wakanywesha mifugo yao.

Mpango mkuu wa mwaka 1976, uliofuata uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ulikusudia mji wa watu waendao kwa miguu. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi ardhi ipo. Kinachokosekana ni mtumiaji halali. Ukanda usiotumiwa hugeuka upesi kuwa jalala, machimbo ya mchanga au kiwanja cha nyumba. Udongo unaomomoka hapo huchukuliwa na maji hadi Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na kulipunguzia kina.

Njia ya udongo ulioshindiliwa, isiyo na mwinuko, ambayo mtoto na bibi yake waweza kuifuata bila kuhema, ingewapa wakazi sababu ya kuulinda ukingo. Mikuyu na mikwaju ingewapa kivuli, na mizizi yake ingeushika udongo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Njia isipite ndani ya korongo, kwani mvua iliyonyesha vilimani huweza kuleta maji ghafla hata pale ambapo mbingu ni nyeupe. Ipite juu ya ukingo, na vivuko vyake vifungwe wakati wa mvua.

Yafaa halmashauri ya jiji ianze na korongo moja: ipime mita hizo 60, isimike alama, na kuzikabidhi shule za jirani kazi ya kupanda miti. Kazi hiyo ni nyepesi kabla ya viwanja kugawiwa. Baada ya hapo itakuwa kazi ya kubomoa nyumba za watu.