Mtafiti Hapimwi kwa Kutajwa

Enyi wasomi wetu wa Arua na Koboko, tunajivunia ninyi, na ndiyo maana tunathubutu kuwakemea. Siku hizi mtaalamu wa epidemiolojia akiomba cheo, swali la kwanza ni makala zake zimerejelewa mara ngapi. Kwa kipimo alichokitoa Jorge Hirsch mwaka 2005, mwenye makala 20 zilizorejelewa kila moja mara 20 au zaidi hupewa alama 20, kama ng'ombe anayepigwa chapa mnadani. Basi wenzi wanarejeleana wao kwa wao, na mkubwa anatiwa jina kwenye makala ambayo hata kalamu hakuishika. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji!

Mtazameni Daktari Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, hapo karibu na Arua mjini. Mtoto alipoletwa na uvimbe wa taya au wa tumbo, aliandika daftarini kijiji alikotoka na lini ugonjwa ulianza. Kwa daftari hilo, mwaka 1967, yeye na wenzake walionyesha kuwa saratani ya Burkitt huku West Nile ilizuka kwa mafungu, mahali pamoja na wakati mmoja. Kisha mtafiti Guy de-Thé na wenzake wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000, na mwaka 1978 wakatoa ushahidi kuwa kirusi cha Epstein-Barr kinahusika na saratani hiyo. Jina la Burkitt limeenea duniani. Williams anatajwa na nani? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Na yule kijana anayechomeka vitambaa vya bluu vyenye dawa kando ya vijito ili mbung'o waenezao malale watue wafe, nani amemrejelea? Lakini malale yalipungua, hata mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kuwa aina yake ya gambiense si tatizo tena la afya ya umma Uganda.

Hapa siwezi kulinyamazia jambo jingine. Damu ni ya watoto wetu, nayo makala husomwa kwa kulipia dola, na mama aliyemshika mwanawe achomwe sindano haambiwi hata majibu! Amana gani hiyo?

Wakubwa wa vyuo, mpandisheni cheo anayerudi kijijini na majibu. Nanyi vijana wetu hodari, tunzeni madaftari ya zahanati kabla mchwa hawajayamaliza. Siku ya hesabu Mola hatauliza mmetajwa mara ngapi. Atauliza mliokabidhiwa mliwafanyia nini.