Vidonge vya Thairoidi Bila Maelezo ni Kosa

Tuseme waziwazi tangu mwanzo: mhudumu wa afya anayemwanzishia mgonjwa vidonge vya tezi ya thairoidi, kisha akamwacha aende zake bila kumweleza dalili zipi zimrudishe hospitalini mbiombio, hajamtibu. Amempa dawa inayougusa moyo moja kwa moja, akamwachia abahatishe.

Tunawaandikia watu wa Kyambogo kwa sababu hapa umbali si kisingizio. Kutoka kilimani penye chuo kikuu, au kutoka Banda, hadi hospitali ya Naguru ni mwendo mfupi wa bodaboda. Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya taifa, iko katika jiji hilihili. Ukifuata Barabara ya Jinja utapita maabara na maduka ya dawa kadha wa kadha. Mgonjwa wa Karamoja akisema kipimo kiko mbali tutamwelewa. Wa hapa akikosa kipimo, kuna mtu hakumwambia akitafute, au hana fedha za kukilipia. Jambo la fedha tutalifikia.

Tezi hii iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, na homoni yake ndiyo inayoendesha kasi ya mwili mzima. Ikilegea, mtu huona baridi wenzake wakitoka jasho, huchoka bila kazi, choo hukauka, ngozi huparara, sauti hukwaruza, hedhi huwa nzito, na kumbukumbu hupotea. Wengi huambiwa ni umri, ni mawazo, au ni kurogwa. Ajabu ni kwamba dawa ipo na ni ya zamani. Mwaka 1891 daktari Mwingereza, George Murray, alimdunga mwanamke mgonjwa maji yaliyokamuliwa kwenye tezi ya kondoo, na mama yule akaishi miaka 28 zaidi. Leo kuna levothairoksini, kidonge kidogo cha kila siku ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Lakini kidonge hicho hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu. Anayehitaji 50 akimeza 100, mwili utalipa. Tena haulipi siku hiyo: dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikiisha baada ya kama siku saba, ndiyo maana kipimo cha damu kiitwacho TSH hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane kila dozi inapobadilishwa. Asiyerudia kipimo anakisia tu.

Dozi ikizidi, wa kwanza kulalamika ni moyo. Unakwenda mbio mtu akiwa amekaa, au unadunda kwa kurukaruka bila mpangilio. Mikono inatetemeka, usingizi unapaa, jasho linamtiririka, tumbo linaharisha, uzito unashuka ingawa anakula vizuri. Mtaani mtu anayekonda hivyo hunong'onezwa ugonjwa mwingine kabisa, naye kwa aibu hujifungia ndani badala ya kwenda kupimwa. Kwa mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, hali ni mbaya zaidi, na ndiyo sababu madaktari makini humwanzishia mtu wa namna hiyo dozi ndogo sana na kuipandisha polepole. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuzirai, au moyo unaokataa kutulia: hizo ni dalili za kwenda hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na wale wanaonunua vidonge hivi ili wapunguze unene, ilhali tezi yao ni nzima, wanajitafutia dalili hizohizo kwa fedha zao.

Hatari ya upande wa pili ni ya kimyakimya, nasi tunaiogopa zaidi. Mgonjwa anajisikia nafuu, anasema amepona, anaacha dawa. Au alifanyiwa upasuaji wa kuondoa rovu, tezi ikatolewa yote, na hakuna aliyemfafanulia kwamba kidonge kile ni cha maisha. Miezi inapita. Siku moja anapata nimonia, au anapewa dawa ya usingizi, na mwili uliokwisha kuishiwa unashindwa kupambana. Uso unavimba, mapigo ya moyo yanapungua, joto la mwili linateremka chini ya nyuzi 35, maneno yake hayashikani, kisha akilala haamki. Hapa ndipo familia hukosea bila hatia: wanamgusa paji la uso, wanaliona baridi, wanasema hana homa, basi apumzike. Maambukizi makali yanaweza kumkuta mgonjwa huyu pasipo homa yoyote. Usingizi mzito usio wa kawaida, pamoja na baridi na kuchanganyikiwa, ni dharura inayoua hata ndani ya hospitali nzuri.

Kati ya hatari hizo mbili kuna mambo ya kila siku ambayo hayasemwi kaunta. Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya maziwa. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalsiamu na dawa za kutuliza asidi ya tumbo huizuia levothairoksini isifyonzwe, kwa hiyo vipishane kwa saa nne. Anayeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini huenda akahitaji dozi kubwa zaidi, na daktari wake wa kifua lazima ajue.

Fikiria sasa mjamzito. Kliniki humpa vidonge vya chuma, jambo jema, naye anavimeza asubuhi pamoja na kile cha thairoidi ili asisahau. Ni katika miezi hiyohiyo ya mwanzo ambapo ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama, na mahitaji ya dawa hupanda mara nyingi kwa robo au zaidi. Kyambogo ndipo Uganda inapofundishia walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Walimu hao wanastahili heshima yetu yote, na wanajua kuliko sisi kwamba kuna ulemavu unaoweza kuzuilika kabla mtoto hajazaliwa. Mama mwenye tezi dhaifu apimwe TSH mara tu anapojua ana mimba.

Hukumu yetu basi. Kliniki inayoandika dozi bila kuandika dalili za hatari na tarehe ya kipimo kwenye kadi ya mgonjwa imezembea, iwe ya serikali au ya binafsi. Duka linalouza levothairoksini bila cheti cha daktari linastahili kufikiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ambayo iliundwa kwa sheria mwaka 1993 kwa kazi ya aina hii hasa. Serikali ilifuta malipo katika huduma zake za kawaida mwaka 2001. Wizara ya Afya isiruhusu ahadi hiyo iishie mlangoni mwa maabara, mgonjwa akatumwa barabarani kununua kipimo ambacho bila hicho dawa aliyopewa haina mwongozo.

Kwa mgonjwa mwenyewe: usiache kidonge kwa ushauri wa jirani, wala usiongeze kingine kwa sababu jana ulichoka. Na kama kifua kinakuuma au moyo unakwenda mbio usiku huu, usingoje tarehe ya kliniki.